Dhana ya Usanifu wa Ndani Huamua Nini Dukani na Mkahawani

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba yeye na mshirika wake wamekodi nafasi ya biashara yenye upana wa mita 6, kina cha mita 18 na kimo cha mita 3.5 kutoka sakafuni hadi darini. Wanataka sehemu ya mbele iwe duka la vitabu na vyombo vya nyumbani, na sehemu ya nyuma iwe mkahawa wa viti 40. Mbunifu waliyemwendea amewaletea picha nzuri za kompyuta, pamoja na maelezo kwamba dhana ya mahali hapo ni “usasa wenye joto la asili”. Mshirika anaona kwamba hizo ni fedha za kupoteza, kwa kuwa wateja hufuata bidhaa nzuri na chakula kizuri. Msomaji mwenyewe anaamini kwamba mandhari huvuta watu, ila hawezi kueleza huwavuta kwa njia gani. Anauliza: dhana ya usanifu hufanya kazi gani hasa, na atajuaje kama hiyo aliyoletewa inafaa?

Ndugu msomaji, mshirika wako amekosea kuhusu usanifu wa ndani, lakini hajakosea kuhusu kile mlicholetewa. Maneno “usasa wenye joto la asili” ni sifa, na sifa hueleza tu jinsi mahali patakavyoonekana pichani. Dhana hueleza mtu atakayeingia atafanya nini, atakaa kwa muda gani, atakuwa na nani, na macho yake yatatua wapi kwanza; kwa hiyo sentensi ya dhana lazima iwe na kitenzi cha maana ndani yake. Njia ya haraka ya kuipima ni kuuliza inakataza nini. Mwombeni mbunifu wenu ataje kiti kimoja kizuri, taa moja nzuri na mpangilio mmoja mzuri wa meza ambao dhana yake haiwezi kuukubali. Akishindwa, ujue kwamba dhana hiyo inakubali kila kitu, na kinachokubali kila kitu hakiwezi kumwongoza seremala, fundi umeme wala mhudumu.

Historia ya maduka inalionyesha jambo hili vizuri kuliko picha zozote. Aristide Boucicaut alipoingia ubia katika duka la Le Bon Marché jijini Paris mwaka 1852, katika maduka mengi bidhaa zilikaa nyuma ya kaunta, bei ilipatikana kwa kujadiliana, na aliyeingia alitarajiwa kununua. Boucicaut alibandika bei zisizobadilika na akamruhusu mtu yeyote kuingia, kutazama na kutoka mikono mitupu. Uamuzi huo ulikuwa wa kibiashara, lakini ndio uliozaa umbo, kwa sababu mtu aliyeruhusiwa kuzurura anahitaji kumbi zilizo wazi, ngazi pana, mwanga wa mchana unaoshuka kutoka kwenye paa la kioo, na meza za bidhaa anazoweza kuzizunguka. Jengo kubwa la duka hilo, ambalo kampuni ya Gustave Eiffel ilishiriki katika kazi zake za chuma, lilianza kujengwa mwaka 1869, yaani miaka mingi baada ya dhana yenyewe kuwa imekwisha kufanya kazi.

Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua huko Memphis, Marekani, duka la kwanza la Piggly Wiggly, ambamo mteja alijichukulia bidhaa mwenyewe badala ya kumwagiza karani. Badiliko hilo moja la kitendo lilileta lango la kuzunguka mlangoni, njia inayompitisha mteja mbele ya rafu zote, vikapu vya kubebea na keshia kwenye mlango wa kutokea. Na mwaka 1917 Saunders alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya mpangilio huo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichochaguliwa kwa kuwa kinapendeza.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni kampuni ya vipodozi ya Aesop, iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1987. Maduka yake hayafanani: moja lina mbao, jingine matofali, jingine chuma, kutegemea mji na jengo. Hata hivyo mteja hulitambua duka mara moja, kwa sababu karibu kila duka lina sinki lililowekwa mahali pa heshima, ambapo anaalikwa kunawa mikono na kujaribu bidhaa kwenye ngozi yake mwenyewe. Kitendo kimebaki kilekile huku sura ikibadilika. Ukilielewa hilo, umeelewa sehemu kubwa ya kazi yangu.

Turudi kwenye nafasi yenu. Vitabu na mkahawa vinapowekwa chini ya paa moja, anayefaidika kuliko wote ni mtu anayekuja peke yake, na mtu huyo ndiye ambaye mikahawa mingi humpa meza mbaya karibu na mlango wa jiko. Kwa hiyo, kama kazi hii ingekuwa yangu, ningeiandika dhana hivi: hapa mtu aliye peke yake hukaa saa nzima akisoma bila kujiona mpweke na bila kuhisi kwamba anaondolewa. Huenda ninyi mna sentensi nyingine, na ninyi ndio wenye biashara. Sentensi inayohusu familia zenye watoto wadogo, au wafanyakazi wenye dakika 20 za mapumziko, ingeleta chumba tofauti kabisa. Nitaitumia yangu ili uone jinsi sentensi inavyogeuka kuwa sentimita.

La kwanza kuanguka ni viti 40. Mkitenga mita 7 za mbele kwa ajili ya duka, na mita 4.5 za nyuma kwa ajili ya jiko, stoo na vyoo, mnabaki na mita 6.5 za kina, ambazo ni mita za mraba 39. Viti 40 humo ni pungufu ya mita moja ya mraba kwa kila mtu, na hapo njia ya mhudumu imehesabiwa ndani. Mimi hukadiria mita za mraba 1.4 hadi 1.8 kwa kila kiti pale ambapo watu wanahudumiwa mezani, kwa hiyo eneo lenu linabeba viti 22 hadi 27. Mkahawa wa chakula cha haraka unaweza kubana zaidi, kwa sababu mteja wake anavumilia kiwiko cha jirani kwa muda mfupi, lakini msomaji wa saa nzima hatavumilia.

Mwanaanthropolojia Edward T. Hall, katika maandishi yake ya mwaka 1966, alieleza kwamba Wamarekani aliowachunguza waliacha umbali wa chini ya sentimita 45 kwa watu wa karibu sana, sentimita 45 hadi 120 kwa marafiki, na zaidi ya hapo kwa watu wasiojuana. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba umbali huo hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine, kwa hiyo msiuchukue kama sheria. Chukueni somo lililo ndani yake, kwamba mgeni anayewekwa katika umbali wa rafiki hufunga kitabu na kuondoka hata kama hawezi kusema kilichomkera. Upande wa duka kuna jambo linalofanana na hilo. Paco Underhill, ambaye kampuni yake ilitumia miaka mingi kuwachunguza wanunuzi kwa kamera na kwa macho, aliona kwamba mnunuzi anayekumbwa kutoka nyuma akiwa ameinamia bidhaa huiacha, hata kama alikuwa ameipenda. Kati ya rafu na rafu, basi, acheni sentimita 120 au zaidi. Underhill aliona pia kwamba mtu anayevuka mlango hutumia hatua chache za kwanza kuzoea mwanga na mwendo mpya, na katika hatua hizo hasomi tangazo wala haoni kikapu. Msiweke vitabu vyenu bora hapo.

Upana wa mita 6 unaweza kugawanywa hivi. Upande mmoja kuna benchi refu la ukutani, meza ndogo za mtu mmoja au wawili, na kiti kimoja mbele ya kila meza, vyote vikichukua mita 1.6. Kisha kuna njia ya sentimita 90, ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kupita. Katikati kuna meza ndefu ya pamoja yenye upana wa sentimita 80, pamoja na viti pande zote mbili, jumla mita 1.8. Inafuata njia nyingine ya sentimita 90, na ukuta wa pili una ubao mwembamba wa kulia na viti virefu, mita 0.8. Jumla ni mita 6 kamili, na viti vinakuwa 26. Mahali fulani kwenye njia hizo lazima kuwe na duara wazi la mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka, na pembe ya meza ya pamoja ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu hapo anayekitumia atakaa pamoja na wengine badala ya kutengwa pembeni.

Meza ya pamoja katika dhana hii ina kazi ambayo hakuna samani nyingine inayoweza kuifanya. Mtu aliye peke yake kwenye meza ya watu wanne anaonekana kama anayesubiri asiyekuja, ilhali mtu yuleyule kwenye meza ya watu kumi anaonekana kama mmoja wao. Benchi la ukutani lina kazi tofauti. Mwanajiografia Mwingereza Jay Appleton alitoa hoja mwaka 1975 kwamba binadamu hupendelea mahali anapoweza kuona bila yeye mwenyewe kuonekana kirahisi, na yeyote aliyewahi kutazama mkahawa mtupu ukijaa ameona jinsi viti vya ukutani na vya pembeni vinavyotangulia. Wabunifu wengi hulijua hilo, kisha huipa meza ya katikati taa nzuri kuliko zote kwa sababu ndiyo inayotoka vizuri pichani.

Sasa nisikilize upande wa mshirika wako, kwa kuwa atauliza swali la haki: viti 26 vinavyokaliwa saa nzima vitalipaje kodi ya pango? Ronald Milliman alichapisha mwaka 1986 utafiti uliofanywa katika mkahawa, na akaonyesha kwamba muziki wa mwendo wa polepole uliwafanya wateja wakae mezani wastani wa dakika 56, wakati muziki wa haraka uliwafanya wakae dakika 45. Matumizi yao kwenye chakula hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajwa. Yaliyoongezeka ni matumizi kwenye vinywaji. Fikirini maana ya dakika hizo 11. Muda wa ziada haukuleta fedha kwa kuwapo tu, bali kwa sababu palikuwa na kitu cha kuagiza ndani yake. Mkahawa wenu una kitu ambacho mkahawa wa kawaida hauna, yaani duka zima la vitabu na vyombo. Kwa hiyo rafu zisikomee kwenye mpaka wa duka. Ziingie hadi ukutani juu ya benchi, kitabu kifikiwe na mkono wa aliyeketi, na kikombe anachonywea kiwe kilekile kinachouzwa kwenye rafu ya mbele. Menyu nayo ifuate dhana: iwe na vitu vinavyoweza kuagizwa mara ya pili kwa kuinua mkono tu, bila kuanza mlo upya. Msipofanya hivyo, mshirika wako atakuwa na haki ya kutaka muziki wa haraka na viti vigumu, na hapo dhana itabidi iandikwe upya kwa uaminifu badala ya kubaki ukutani kama pambo.

Philip Kotler, msomi wa masoko, aliandika mwaka 1973 kwamba hali ya mahali pa kununulia ni sehemu ya kile mteja anachonunua, na kwamba wakati mwingine humshawishi kuliko bidhaa yenyewe. Kauli hiyo hunukuliwa sana na wanaouza mapambo. Mimi naisoma tofauti kidogo: kama mahali ni sehemu ya bidhaa, basi panastahili kupimwa kwa ukali uleule ambao bidhaa hupimwa nao.

Nafasi nyembamba na ndefu ina ugonjwa wake, nao ni kwamba watu husita kwenda mwisho wake. Kiini cha tatizo ni mwanga. Wakati wa mchana kioo cha mbele hurudisha taswira ya mtaa, na aliye nje haoni ndani isipokuwa kama kuna kitu ndani kinachong'aa vya kutosha. Kwa hiyo taa yenu muhimu kuliko zote ni ile inayomulika ukuta wa mwisho, mita 13.5 kutoka mlangoni, kabla ya jiko. Ukuta huo ukiwa angavu kuliko sakafu, jicho huifuata nuru na miguu hulifuata jicho. Kanuni ya jumla ni kumulika nyuso zilizosimama, yaani rafu na kuta, kwa sababu ndizo ambazo mtu anayetembea huziona, badala ya kumwaga mwanga wote sakafuni. Mezani chagueni taa za mwanga wa joto, wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 hadi 3000, zenye kipimo cha uaminifu wa rangi kisichopungua 90 kati ya 100, ili chakula na nyuso za watu zisionekane za kijivu. Taa ya msomaji iangazie ukurasa kutoka pembeni au chini ya kivuli, isimchome machoni wala isitupe vivuli vizito chini ya macho yake. Mwambieni fundi umeme atenganishe saketi za duka, za meza na za ukuta wa mwisho, kila moja ikiwa na swichi ya kupunguza mwanga, kwa maana chumba cha saa nne asubuhi si chumba cha saa moja jioni.

Kazi mbili za karne ya 20 zinastahili kutazamwa na kila mwenye nafasi ndogo. Adolf Loos alisanifu mwaka 1908 baa moja jijini Vienna yenye ukubwa wa mita za mraba 27 hivi, akaweka vioo juu ya usawa wa macho. Aliyeketi hajioni mwenyewe. Anachokiona ni dari ya marumaru iliyogawanywa katika miraba ikiendelea mbali kupita kuta, kana kwamba baa hiyo ni chumba kimoja ndani ya ukumbi mkubwa. Kioo kilekile kingeshushwa sentimita 50 tu, kingemwonyesha kila mtu jinsi chumba kilivyojaa. Carlo Scarpa naye, katika miaka ya 1957 na 1958, alipewa na kampuni ya Olivetti chumba kirefu, chembamba na chenye giza katika uwanja wa San Marco huko Venice, mahali pa kuonyeshea mashine za kuandikia na za kukokotoa. Alikitengenezea ngazi ya mawe ambayo vidato vyake vinaonekana kuelea, sakafu ya vipande vya kioo ambayo rangi yake hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine, na mashine chache tu zilizowekwa kama vitu vya thamani. Alikigawa chumba bila kujenga ukuta hata mmoja wa kukizibia nuru. Kwenu, badiliko la sakafu kutoka vigae vya dukani hadi mbao za mkahawani litafanya kazi ambayo mbunifu wenu ameipa kizuizi cha kioo, tena litaokoa nafasi.

Nitakaa kwenye suala la sauti, kwa sababu ndilo ninaloliona likisahauliwa kuliko yote, na kwa sababu picha ya kompyuta haina sauti. Miaka mingi iliyopita nilisanifu mkahawa wenye sakafu ya zege iliyosuguliwa, ukuta wa vigae, ukuta wa kioo na dari iliyoachwa wazi. Usiku wa kwanza ulipojaa, wageni walipaza sauti ili wasikike upande wa pili wa meza, wahudumu waliinamia sikio la kila mteja, na baada ya wiki chache wazee waliokuwa wakija mapema waliacha kuja. Kosa hilo lilikuwa langu, na lilinihuzunisha, kwa sababu watu hao walikuwa wamekipenda chakula.

Chanzo cha hali hiyo kinajulikana tangu zamani. Mfaransa Étienne Lombard alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu huinua sauti yake bila kukusudia anapozungukwa na kelele. Kwa hiyo kila meza huinua sauti kwa sababu ya jirani, na jirani huinua kwa sababu yake, hadi chumba kizima kinafika mahali ambapo hakuna aliyetaka kifike. Kitu pekee kinachokata mzunguko huo ni kufyonza sauti kabla haijarudi. Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard aliacha kanuni tunayoitumia hadi leo: muda ambao sauti huchukua kufifia, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ukigawanywa kwa jumla ya eneo linalofyonza. Chumba chenu kina mita za ujazo 378, na nyuso zake zote, yaani sakafu, dari na kuta, zina mita za mraba 384. Zikiwa ngumu zote, kila moja ikifyonza asilimia 4 tu ya sauti inayoigonga, muda huo ni karibu sekunde 4, kama ndani ya kanisa. Mkiifunika dari yote kwa vifaa vinavyofyonza asilimia 80, unashuka hadi sekunde 0.6 hivi, na hapo watu wawili wanaweza kunong'onezana. Hesabu hii ni ya chumba kitupu kisichogawanywa. Vitabu, nguo za wateja na viti vya kitambaa vitaongeza utulivu, lakini msivitegemee kubeba mzigo ambao dari imekwepa. Vipande vya mbao vilivyoachiwa nafasi kati yao, na pamba ya madini ikiwa imefichwa nyuma, huifanya kazi hiyo bila chumba kuonekana kama studio ya redio.

Hewa nitaitaja kwa ufupi, ingawa kwenu ni ya lazima kuliko kwa wengine, kwa kuwa karatasi hunywa harufu na mafuta. Feni za jiko zitoe hewa nyingi kuliko inayoingizwa jikoni, ili hewa itembee daima kutoka dukani kupitia mkahawani kuelekea jikoni, na isirudi kinyume. Kama fundi wenu hawezi kuwahakikishia hilo kwa vipimo, sogezeni vitabu vya thamani mbali na nyuma hata kama mpangilio utapoteza uzuri wake.

Kuhusu mapambo, ambayo ndiyo yanayochukua kurasa nyingi za pendekezo mlilopewa, shauri langu ni fupi: tumieni fedha pale mkono unapogusa. Kitasa cha mlango, ukingo wa meza, mgongo wa kiti, ubao wa kaunta ambapo mtu hutoa fedha, bomba la kunawia. Mteja huviona vitu vya mbali mara moja na kuvisahau, lakini hivi anavishika kila anapokuja. Ukingo wa meza uliochongwa mviringo, usiokata mkono wa anayesoma, unaihudumia dhana yenu kuliko ukuta mzima wa mimea. Rangi na picha za ukutani zinaweza kusubiri mwaka mmoja. Nyaya, mabomba, dari ya kufyonza sauti na feni haziwezi.

Ningependa pia mjihadhari na kishawishi kimoja. Mbunifu majengo Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alisanifu jengo la maduka la Southdale huko Minnesota, lililofunguliwa mwaka 1956, akikusudia liwe mahali pa watu kukutana chini ya paa moja. Jina lake limebaki likitumika kueleza hali ya mteja kupotea ndani ya jengo la biashara, akasahau alichofuata na kuanza kununua ovyo, na Gruen mwenyewe katika miaka yake ya mwisho aliyakana majengo yaliyoiga kazi yake. Njia ya kuzungukazunguka inaweza kumwongezea muuzaji mapato kwa siku moja. Lakini sentensi yetu inamhusu mtu anayerudi kila wiki, na mtu anayerudi anataka kujua choo kiko wapi, atalipia wapi na atatokea wapi bila kuuliza. Wekeni keshia mmoja mahali panapoonekana kutoka pande zote mbili, na mwacheni mteja alipe kitabu na kinywaji kwa pamoja.

Kabla hamjasaini chochote, ijaribuni dhana kwa miili yenu. Ndugu wawili walioanzisha mkahawa wa McDonald's huko California walichora ramani ya jiko lao kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wakawatembeza wafanyakazi wao juu ya michoro hiyo wakiigiza kupika na kuhudumia, na wakaibadilisha mistari hadi miguu ikaacha kugongana. Nanyi mna chumba kitupu. Nunueni mkanda wa karatasi wa kubandika, chukueni maboksi, na mchore sakafuni kila meza, kila rafu na kaunta kwa ukubwa wake halisi. Waalikeni watu kumi. Mmoja abebe sinia lililojaa kutoka jikoni hadi meza ya mbali, mwingine asukume kigari cha mtoto, mwingine aketi peke yake kwa nusu saa akisoma, kisha awaambie ni mara ngapi aliinua macho na kwa sababu gani. Mbunifu wenu awepo siku hiyo, na picha zake zibaki ofisini.

Katika mkataba, ombeni mambo mawili ambayo wateja wengi hawayaombi. Kwanza, sentensi ya dhana iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa michoro, na kila badiliko la vifaa lielezwe linaihudumiaje sentensi hiyo. Pili, mbunifu arudi katika wiki ya sita baada ya kufunguliwa, akae saa ya shughuli nyingi na saa ya utulivu, na sehemu ya kumi ya bajeti iwe bado haijatumika siku hiyo. Wakati huo mtakuwa mmejua ni kiti kipi hakikaliwi, na mtakuwa na fedha za kukihamisha.